SOMO LA VIKUNDI: Chotara wa Kanga na Mnyoo wa Tegu – Tujue cha Ndani Kabla ya Kutoa Pesa



Katika vikundi vingi vya hapa Voi, Sagalla, Kasigau, Mwatate na hata kule Taveta, mradi wa kuku ndio watu huanza nao. Kuku hahitaji shamba kubwa, akina mama wanamjua, na pesa yake huonekana haraka. Lakini ni mradi ambao pesa yake hupotea haraka vilevile. Leo tutaangalia njia mbili za kuipoteza. Ya kwanza ni kununua ndege asiyezaa kwa bei ya mbegu. Ya pili ni kununua dawa isiyomgusa mnyoo aliye ndani ya kuku. Ukizitazama vizuri, hizi njia mbili ni ndugu: katika zote tunadanganywa na tunachokiona kwa nje.

Mwisho wa somo hili, kila mwanakikundi aweze:

1. Kutofautisha chotara anayezaa na yule asiyezaa.
2. Kueleza tegu ameumbwa vipi na anaingiaje kwa kuku.
3. Kufungua utumbo wa kuku na kutambua ni mnyoo gani.

SEHEMU YA KWANZA: KANGA, KUKU NA CHOTARA

Kanga wetu

Sisi watu wa Taita-Taveta tunaishi na mbuga mlangoni. Zaidi ya nusu ya eneo la kaunti hii ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Kwa hivyo ndege wa porini si wageni kwetu. Yupo kanga wa kawaida, mwenye madoa meupe na kipembe kigumu kichwani. Huku upande wa nyika kavu yupo na yule mwingine mwenye shingo ndefu isiyo na manyoya na kifua cha buluu chenye michirizi meupe. Wapo pia kwale, yule mwenye ngozi ya manjano kooni na yule mwenye ngozi nyekundu. Kororo, yule mwenye kishungi cha manyoya kichwani, anakaa zaidi kwenye misitu ya pwani kama Shimba Hills.

Ndege hawa wote ni wa jamii ya karibu na kuku. Wanachakura ardhini, wanakula mbegu na wadudu, na wanataga chini. Ndiyo maana mtu huwaza: mbona nisimpandishe jogoo wangu kwa kanga nipate ndege mgumu asiyeugua, mwenye nyama nyingi?

Je, inawezekana?

Ndiyo, inawezekana. Mahali kuku na kanga wanapofugwa pamoja tangu wakiwa vifaranga, mara mojamoja jogoo humpanda kanga jike, au kanga dume humpanda kuku. Mayai mengi hayaanguliwi. Machache yanayoanguliwa hutoa ndege wa ajabu kidogo: hana kipembe cha kanga, hana kilemba chekundu cha jogoo, kichwa ni kama cha tai mdogo, na manyoya yana michirizi ya kijivu. Porini nako mambo haya hutokea kati ya ndege walio karibu zaidi. Hapa Afrika Mashariki wameonekana machotara wa kwale wa koo la manjano na kwale wa koo jekundu, pale makundi yao yanapokutana.

Lakini huyo chotara wa kanga na kuku ana shida moja kubwa: ni tasa. Anaweza kukua, kunenepa na kupiga kelele, lakini hatakupa kifaranga.

Kwa nini ni tasa?

Kila kiumbe kina ndani yake nyuzi ndogo sana za urithi, zinazoitwa kromosomu. Ndizo zinazobeba maagizo ya jinsi mwili utakavyojengwa. Kuku ana kromosomu 78. Kanga naye ana 78. Mtu atasema, basi si hesabu ni sawa? Hesabu ni sawa, mpangilio ndio tofauti. Chukua vitabu viwili vyenye kurasa 78 kila kimoja, lakini sura zake zimepangwa kwa utaratibu tofauti. Ukivisoma kila kimoja peke yake, vinaeleweka. Ukitaka kuvishona viwe kitabu kimoja, ukurasa kwa ukurasa, unapata maneno yasiyoungana.

Mwili wa chotara unaweza kusoma vitabu viwili kila kimoja kwa zamu, ndiyo sababu anaishi. Lakini wakati wa kutengeneza mbegu za uzazi, nyuzi za baba na za mama lazima zikutane jozi kwa jozi. Hapo ndipo zinakataa kulingana, na mbegu hazikamiliki.

Jambo hili si la ndege peke yao. Mwaka 2019 punda milia jike alitoka Tsavo Mashariki akajiunga na mifugo ya wanakijiji. Akachukuliwa akahamishiwa mbuga ya Chyulu. Mwanzoni mwa 2020 akaonekana na mtoto mwenye mwili wa rangi ya punda na miguu yenye milia. Baba yake alikuwa punda wa kawaida wa kule kijijini. Shirika la Sheldrick Wildlife Trust ndilo lililotoa habari hiyo. Machotara wa namna hiyo ni wenye nguvu kama baghala, lakini kama baghala, kwa kawaida hawazai.

Si kila chotara ni tasa

Hapa tuwe waangalifu, maana neno "chotara" tunalitumia kwa vitu viwili tofauti.

Chotara wa kwanza ni wa kuku kwa kuku. Ukimpandisha jogoo wa kisasa kwa kuku wa kienyeji, wote wawili ni kuku. Watoto wao wanazaa. Ndio msingi wa mpango wa serikali wa kuendeleza kuku ulioanza mwaka 1976, ambapo wafugaji walikuwa wakibadilisha majogoo ya kienyeji kwa majogoo ya kisasa. Kuku wa kienyeji walioboreshwa wanaouzwa siku hizi wako upande huu. Tatizo lao ni moja tu: ukiendelea kuzalisha watoto wao kwa wao, kizazi cha pili na cha tatu hakifanani tena. Mmoja anataga sana, mwenzake hatagi.

Chotara wa pili ni wa kuku kwa kanga. Hao ni koo mbili tofauti. Huyu ndiye tasa.

Kuna na kosa lingine la kawaida. Mtu anaokota mayai ya kanga, anamlalisha kuku, vifaranga vinatoka, kisha anaviita chotara kwa sababu "mama yao ni kuku". La hasha. Kulaliwa na kuku hakubadilishi damu. Hao ni kanga kamili. Njia rahisi ya kujua ni siku za kuatamiwa: yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, la kanga kwa siku 26 hadi 28.

Tupige hesabu

Tuseme kikundi kina wanachama 20, kila mmoja ametoa shilingi 500. Hazina ina shilingi 10,000. Anakuja muuzaji na "kanga chotara" wanne, bei 2,500 kila mmoja, na ahadi kwamba ndani ya mwaka mtakuwa na ndege hamsini. Mnanunua. Mnalisha miezi sita, minane, mwaka. Mwisho wa mwaka mna nini? Ndege walewale wanne, kama hakuna aliyeliwa na kicheche. Fedha ya chakula imekwenda. Wanachama wameanza kulaumiana, na mweka hazina ndiye wa kwanza kusemwa. Kumbe hakuiba mtu. Mlinunua nyama kwa bei ya mbegu.

Tukumbuke ya kware. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 Kenya nzima ilikimbilia kware. Kware ni mdogo, yai lake huanguliwa kwa siku 17 au 18, na yeye anazaa vizuri tu. Hata hivyo watu waliumia, kwa sababu kila mtu alikuwa akiuza mbegu kwa mwenzake na wala nyama walikuwa wachache. Soko likaanguka. Ikiwa mradi wa ndege anayezaa ulianguka hivyo, je, wa ndege asiyezaa?

Maswali manne ya kumuuliza muuzaji

1. Baba wa ndege huyu ni nani, na mama ni nani? Asiyejua, msinunue.
2. Ndege kama hawa wameshataga na kuangulia? Tunaweza kwenda kuviona vifaranga?
3. Kama ni kanga, una kibali? Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kanga ni mali ya pori, na kumfuga kunataka leseni kutoka KWS. Ofisi yao iko hapa Voi, wala si mbali. Kuokota mayai porini bila ruhusa kunaweza kukipeleka kikundi kizima mahakamani.
4. Atakayenunua nyama au mayai ni nani, na kwa bei gani? Jibu "soko lipo" si jibu.

Haraka haraka haina baraka. Muuzaji mkweli hatakasirika kwa maswali haya.

SEHEMU YA PILI: TEGU, MNYOO ASIYE NA MDOMO

Sasa tuingie ndani ya tumbo. Tumeona kwamba kanga na kuku ni tofauti sana kwa damu kiasi cha kutozaa pamoja vizuri. Lakini kuna kitu wanachogawana bila shida yoyote: minyoo. Baadhi ya aina za tegu wanaokaa kwa kanga ndio haohao wanaokaa kwa kuku.

Minyoo ni wa namna mbili

Wapo minyoo wa duara, kama tambi, wamechongoka ncha zote mbili. Wapo na minyoo bapa. Katika minyoo bapa, wengine wana umbo la jani, kama wale wa maini ya ng'ombe. Ndugu wengine wa kundi hilo ndio wanaoleta kichocho, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Taveta wanaujua kwa miaka mingi kwenye mifereji ya mashamba. Tegu naye ni mnyoo bapa, ila ni mrefu kama utepe.

Tegu ameumbwa vipi?

Kichwa. Ni kidogo kama ncha ya pini. Kina vikombe vinne vya kung'ang'ania, na aina nyingi zina pua fupi yenye vikulabu vidogo. Kazi ya kichwa si kula. Ni kushika ukuta wa utumbo asisombwe na chakula kinachopita.

Shingo. Hapa ndipo kiwanda kilipo. Shingo inatengeneza vipande vipya kila wakati na kuvisukuma nyuma. Kipande cha karibu na shingo ni kichanga, cha mkiani ndicho mzee.

Vipande. Mwili wote ni mnyororo wa vipande vilivyoshikana. Kila kipande kina viungo vya dume na viungo vya jike, vyote pamoja. Kipande cha mkiani kikikomaa kinabaki kama gunia lililojaa mayai. Kinakatika na kutoka na kinyesi. Ukichungulia kinyesi kibichi unaweza kuona kitu cheupe kama punje ya mchele, na wakati mwingine kinajikunja na kutembea.

Na tumbo lake? Hana. Tegu hana mdomo, hana tumbo wala utumbo. Anakaa ndani ya chakula kilichokwisha kusagwa na kuku, naye anakifyonza kwa ngozi yake yote. Kuku anachakura tangu alfajiri, mwingine anakula bila hata kufungua mdomo.

Wale tunaokutana nao sana kwa kuku, ambao wataalamu huwaita Raillietina, wanaweza kufika sentimita 25, karibu urefu wa rula ya mtoto wa shule. Mmoja wao huacha vinundu kwenye ukuta wa utumbo. Lakini msimdharau mdogo. Yuko tegu asiyezidi milimita nne, ambaye jicho la haraka halimwoni, naye anaweza kuumiza kuku kuliko wale warefu.

Anaingiaje kwa kuku?

Hapa ndipo pa kufungulia masikio. Kuku hapati tegu kwa kula mayai ya tegu moja kwa moja. Lazima mayai yapitie kwanza ndani ya mdudu:

Kinyesi cha kuku au kanga → sisimizi, mbawakawa wa samadi, nzi, konokono au konokono asiye na gamba anakula mayai → ndani yake mnyoo mchanga anakua kwa wiki mbili hadi tatu → kuku anamdonoa mdudu → baada ya wiki mbili au tatu tena, vipande vinaanza kutoka na kinyesi.

Kila aina ya tegu ina mdudu wake. Wengine wanapita kwa sisimizi, wengine kwa mbawakawa, wengine kwa nzi, na yule mdogo wa milimita nne hupita kwa konokono. Kwa hivyo kundi la kanga likishuka asubuhi kuokota mtama uliomwagika uani kwako, linaweza kuacha mzigo ambao kuku wako ataubeba mwezi ujao, hata kama hawakugusana.

Tusidhani ni jambo la nadra. Mwaka 1997 wataalamu walitoa matokeo ya kuchunguza kuku 600 wa kienyeji kule Morogoro, Tanzania. Hawakupata hata mmoja asiyekuwa na minyoo ya aina fulani. Kuku wetu wanachakura vilevile.

Je, tegu wa kuku anaambukiza watu? Wale tunaowapata sana kwa kuku wetu hawatuambukizi kwa kula nyama yake. Tegu wa mtu hutoka kwa nyama ya ng'ombe au nguruwe isiyoiva. Hata hivyo, pikeni kuku akaiva sawasawa, maana yako magonjwa mengine.

SEHEMU YA TATU: TUFUNGUE TUONE

Kuku akikonda, mfupa wa kifua ukatokeza kama kisu, mayai yakipungua na kinyesi kikilegea, watu hukimbilia agroveti na kusema, "Nipe dawa ya minyoo." Hapo ndipo pesa inapotea. Dawa nyingi za bei nafuu, kama zile za piperazini na levamisoli, zinafanya kazi kwa minyoo wa duara tu. Tegu haziwaondoi. Kikundi kinanunua chupa ya kwanza, ya pili, kisha kinasema dawa ni feki au mtu ametia mkono. Dawa si feki. Imepelekwa kwa mnyoo asiyekuwepo.

Siku mnapochinja kuku, au mkichagua mmoja aliyekonda mumchinje kwa ajili ya uchunguzi, fanyeni hivi:

1. Vaeni glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Watoto wasishike.
2. Toeni utumbo wote, kuanzia firigisi hadi njia ya kinyesi.
3. Pasueni kwa mkasi kwa urefu, polepole.
4. Wekeni ndani ya karai lenye maji safi. Chini ya maji tandikeni nailoni nyeusi, ili kitu cheupe kionekane.
5. Angalieni. Kamba ya duara kama tambi ni mnyoo wa duara. Utepe bapa wenye vipande ni tegu. Msimvute kwa nguvu, mtamkata kichwa kikabaki.
6. Tazameni na nje ya utumbo kama kuna vinundu. Kwaruzeni ukuta wa ndani kwa upole, muone kama kuna vidogo.
7. Fukieni utumbo shimo refu ambalo mbwa hafukui. Osheni mikono na vyombo kwa sabuni.

Onyo: kama kuku wengi wanakufa kwa ghafla, huenda ni kideri, yaani Newcastle, au ugonjwa mwingine mkali. Msifungue wala msile. Mwiteni afisa wa mifugo.

Mkishaona tegu, chukueni mmoja kwenye chupa yenye maji ya chumvi mumpelekee afisa wa mifugo au daktari. Yeye ndiye atakayewaambia dawa inayofaa, kwa mfano niklosamidi au prazikwanteli, kipimo chake, na siku ngapi mkae bila kula wala kuuza mayai na nyama. Kumbukeni ile habari ya shingo: dawa dhaifu ikiangusha mnyororo ikaacha kichwa na shingo, baada ya wiki chache tegu ni mzima tena. Kuona vipande vimetoka hakumaanishi amekwisha.

Kukinga bila gharama kubwa

Kwa kuwa tegu hawezi kuishi bila mdudu, kata njia hapo katikati:

• Fagieni banda kila siku. Samadi ikusanywe mbali na kuku, ifunikwe hadi ioze.
• Msimwage nafaka ovyo uani. Wekeni kwenye chombo kilichoinuliwa, mkitoe jioni. Hivyo hamwiti sisimizi, wala kanga wa porini.
• Vifaranga vikae mahali pake, pasipochakurwa na kuku wakubwa, maana ndio wanaoumia zaidi.
• Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili au tatu. Chunguzeni kinyesi chake.
• Walisheni vizuri. Kuku mwenye njaa anashindwa na minyoo michache, aliyeshiba anaistahimili.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, katika kijiji chetu kuna ndege wanaouzwa kwa jina la chotara? Ni chotara wa namna ya kwanza au ya pili?
2. Kikundi kimetumia shilingi ngapi kwa dawa ya minyoo mwaka huu? Nani alijua ni mnyoo gani?
3. Kanga wa porini wanaingia uani kwetu saa ngapi, na wanafuata nini?
4. Katika nyumba zetu, ni nani anayefagia banda? Je, kazi hiyo imeachiwa akina mama na watoto peke yao?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, wanachama watatu wafungue utumbo wa kuku mmoja kila mmoja kwa utaratibu tulioeleza. Katibu aandike kwenye daftari: tarehe, umri wa kuku, minyoo wa duara wangapi, tegu wangapi, vinundu vipo au havipo. Ndipo kikundi kipige kura kama kitatoa pesa ya dawa, na ya dawa gani. Daftari hilo mkimwonyesha afisa wa mifugo, atawasaidia haraka zaidi kuliko mkimwendea na maneno matupu.